Nasikia dunia nzima, mimi hawanisikii: antena ya waya ya bendi zote

#1 Mwambao_Tanga
Salaam wakuu, naomba akili zenu.

Mwezi uliopita nimemaliza kujenga antena ya waya ya bendi zote kwa redio yangu ya ridhaa (ile ya kuzungumza na wenzako hewani kwa kupenda tu), ile antena inayoitwa T2FD. Kwa wasioijua: ni nyaya mbili sambamba zilizoungwa ncha kwa ncha. Waya wa chini unalishwa katikati, na wa juu umekatwa katikati ukawekwa rezista. Yangu ina mita 14.3 kutoka ncha hadi ncha, na nyaya zimeachana sentimita 43. Nilifuata kanuni ya kugawa 100 kwa megahezi ya chini kabisa unayotaka kupata urefu, na kugawa 3 kwa hiyo hiyo kupata nafasi. Mimi nimeanzia 7.

Waya ni ule wa umeme wa nyumba, 1.5, wa duka la vifaa vya ujenzi. Vitenganishi nimekata bomba la plastiki la mafundi umeme. Rezista ni kumi za omu 4,700, wati 3 kila moja, nimeziunga sambamba napata 470. Kwenye mlisho nimeweka transfoma ya 9 kwa 1 niliyozungusha mwenyewe, kisha kebo ya koaksi ya RG58 mita 30 hadi chumbani. Ncha moja iko kwenye mnazi, mita 9 hivi. Ya pili iko kwenye mti wa mianzi, mita 3.

Redio ni ya wati 100. SWR, kile kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio, haivuki 1.8 kuanzia megahezi 7 hadi 30.

Nikiwasha nasikia Ulaya, Afrika Kusini, Ghuba, wote safi. Nikiita, kimya. Jamaa yangu wa redio hapa hapa mkoani ana daipoli ya kawaida (waya mmoja unaolishwa katikati) ya bendi ya mita 40, yaani 7 hizo hizo, anajibiwa mara ya kwanza. Nimekosea wapi?

#2 Kijana wa Embakasi
Nimekaa mstari wa mbele. Nilishapitia hii.

#3 FundiSanifu
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: rezista.

SWR inakuambia kitu kimoja tu, kwamba nguvu haikurudi kwenye redio. Haikuambii imeenda wapi. Chukua rezista ya omu 50, izamishe kwenye kopo la mafuta, iunge na redio. Utapata SWR ya 1 kwa 1 kwenye bendi zote, na hata jirani wa nyumba ya pili anaweza asikusikie. T2FD ni antena iliyofungwa kidude kama hicho katikati. Kwenye masafa ya juu waya ni mrefu kiasi, nguvu nyingi inaruka hewani kabla ya kufika kwenye rezista. Kwenye 7, ambako waya wako ni theluthi moja tu ya urefu wa wimbi, sehemu kubwa ya wati zako inapasha moto lile boksi lako juu ya mnazi.

Na kumi mara wati 3 ni wati 30. Kwa sauti utapona. Siku ukienda FT8, ile njia ya kutumiana ujumbe kwa kompyuta, ambayo inarusha mfululizo kwa karibu sekunde 13, zitaungua.

#4 Nahodha Mstaafu
Nakupinga kwa heshima, FundiSanifu. Antena hii haikubuniwa na mtoto wa jana. Ilitoka kwenye majaribio ya Jeshi la Maji la Marekani, na Kapteni Countryman aliiandika kwenye jarida la QST mwaka 1949. Tangu hapo imetumika kwenye majeshi na balozi chungu nzima. Ingekuwa kopo la mafuta isingedumu miaka yote hiyo.

Mimi nilikuwa afisa redio kwenye meli za mizigo, nyumbani Mombasa. Meli haikuwa na anasa ya daipoli ya kila bendi. Una waya mmoja kati ya milingoti miwili na tyuna ya kuupatanisha na redio, basi. Tulifika.

#5 FundiSanifu
Shikamoo mzee wangu. Sikusema ni mbovu kwa kila mtu. Jeshi linataka kuhama kutoka masafa 4 hadi 18 bila mtu kugusa tyuna, na lina kilowati za kufidia. Kwao hasara ya rezista ni bei ya kulipia haraka. Mwenye wati 100 hapo Tanga analipa bei ile ile kutoka mfuko mdogo.

#6 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Hilo la mfuko nimelipokea. Rezista peke yake bado siikubali.

#7 Bi Masafa
Kabla hamjamaliza kuihukumu rezista, naomba kujua hiyo transfoma. Umezungushia kwenye pete ya aina gani?

#8 Mpita Njia
Samahani, mimi ni mgeni. Nimesoma sehemu wanasema antena inahitaji baluni. Ni baluni la kupuliza ili kuinua waya juu?

#9 Kijana wa Embakasi
@Mpita Njia umenifurahisha leo 😄 Ila wapo wanaoinua waya kwa puto na kwa tiara, kwa hiyo hujapotea mbali. Baluni hii ni transfoma ndogo inayokutanisha kebo ya koaksi na antena yenye pande mbili sawa.

#10 Mwambao_Tanga
Mwalimu @Bi Masafa, pete nimeitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta mbovu. Ni ya njano, upande mmoja mweupe. Nilizungusha waya tatu pamoja, mizunguko tisa.

#11 Bi Masafa
Hapo sasa. Pete ya njano yenye upande mmoja mweupe ni unga wa chuma wa aina ya 26. Imetengenezwa kutuliza umeme wa DC ndani ya pawa saplai. Ukiipa mawimbi ya redio inayageuza joto. Kwenye 7 ni mbaya, kwenye 28 ni mbaya zaidi. Unayohitaji ni feraiti, aina ya 43 ndiyo inayotumiwa sana kwa kazi hii. Unga wa chuma na feraiti vinafanana machoni, na hapo ndipo wengi tunapotelea.

Kipimo rahisi: ishushe transfoma mezani, iunge na rezista ya omu 450 badala ya antena, rusha wati 20 kwa dakika moja, zima, kisha shika pete. Ikiwa moto, umempata mwizi wako.

Na mnisome vizuri: joto la pete nalo linapunguza SWR. Mwizi huyu anaacha mlango umefungwa vizuri, ndiyo maana humshuku.

#12 Radi ya Ziwa
Mwanza hapa. Nakubaliana na mwalimu juu ya pete, lakini kuna jambo mmeliruka. Waya tatu, mizunguko tisa, hiyo ni transfoma ya waya mmoja, yaani upande mmoja uko ardhini. T2FD ina pande mbili zinazopaswa kuwa sawa. Ukiilisha hivyo, mkondo unateremka kwa nje ya kebo ya koaksi hadi chumbani. Kebo yako ya mita 30 imekuwa sehemu ya antena bila ruhusa yako. Ukirusha, nguvu nyingine inaishia kwenye ukuta na mabati. Ukipokea, kila chaja na kila balbu ya LED inaingia.

Mwambao, ukigusa boksi la redio wakati unarusha, unasikia mtekenyo? Spika ya kompyuta inakoroma?

#13 Mwambao_Tanga
Mtekenyo upo kidogo kwenye 21. Spika inakoroma bendi zote. Nilidhani ni kawaida.

#14 Radi ya Ziwa
Si kawaida. Chukua pete kubwa ya feraiti, pitisha hiyo hiyo RG58 mara kumi hadi kumi na mbili, iweke pale kebo inapokutana na antena. Hiyo ndiyo choki. Mimi nilikuwa naifungia TV ya sebuleni nikirusha, wanangu wakinilalamikia kila jioni. Baada ya pete ile, amani.

#15 Kijana wa Embakasi
Swali kwa wajuvi. Kuna sheria kwamba antena inapokea sawa na inavyorusha. Mwambao anasema anasikia dunia nzima. Basi antena yake nzima, na tatizo liko kwenye redio. Aipime wati kwanza.

#16 Mwambao_Tanga
Redio nimeipima kwenye daipoli ya jamaa yangu. Inajibiwa.

#17 Bi Masafa
@Kijana wa Embakasi, sheria hiyo ni ya kweli, ila umeifikisha pabaya, na hapa ndipo antena hii inapowadanganya watu.

Kwenye 7, kelele inayoingia kutoka angani na mjini ni kubwa kuliko kelele ya ndani ya redio yako. Antena ikipoteza robo tatu ya nguvu, inapoteza robo tatu ya sauti ya Mjerumani na robo tatu ya kelele pia. Uwiano wa vitu viwili hivyo haubadiliki, kwa hiyo unamsikia kama kawaida. Tena utasema antena ni tulivu. Ukirusha, robo tatu imeondoka kwako, lakini kelele ya nyumbani kwa Mjerumani haijapungua hata kidogo. Wati zako 100 zimemfikia kama wati 25, na ukiwa katikati ya kelele yake unazama.

Ndiyo maana wasikilizaji wa redio wanaipenda T2FD na wanaorusha wanalalamika. Wote wawili wanasema kweli.

#18 Kijana wa Embakasi
Nimeelewa, nimejirekebisha. Asante mwalimu.

#19 Mgeni wa Maskati
Assalaam aleikum jamaa zangu. Mwambao, hujatuambia unaita saa ngapi.

#20 Mwambao_Tanga
Waaleikum salaam. Mara nyingi saa saba mchana, nikitoka kazini kula. 7.1.

#21 Mgeni wa Maskati
Basi ndugu yangu, unaonea rezista bure. Saa saba mchana jua la ikweta limesimama kichwani, na lile tabaka la chini la anga linayanyonya masafa ya 7. Kutoka Tanga kuja huku ni zaidi ya kilomita 3,500. Mchana utanipata kwenye 14, 21 au 28. Kwenye 7 ningoje jua lizame. Hata ukiwa na daipoli ya dhahabu.

#22 Mwambao_Tanga
Nimekuelewa, na nitajaribu usiku. Lakini hata Nairobi mchana hawanisikii, na kutoka hapa hazifiki kilomita 500. Jamaa yangu wa daipoli anaongea nao saa hizo hizo.

#23 FundiSanifu
Hapo @Mgeni wa Maskati amepata nusu. Mchana 7 inapanda juu na kurudi karibu, hivyo Nairobi, Dar, Mombasa zinafikika. Hilo la Nairobi linaturudisha #3.

#24 Bi Masafa
Au #11.

#25 Radi ya Ziwa
Au #12.

#26 Nahodha Mstaafu
Wanangu, na kimo cha antena je? Upande mmoja mita 9, mwingine 3. Wastani mita 6. Wimbi la 7.1 lina mita 42. Waya uko chini mno, unapasha moto mchanga tu. Kwenye meli tulikuwa na bahari ya chumvi pande zote, na bahari ni kioo kwa redio. Mwambao uko pwani, ihamishie antena karibu na maji.

#27 Bi Masafa
Mzee wangu, hilo la kimo ni sahihi. Kwenye bahari naomba kuongeza: maji ya chumvi yanasaidia sana antena iliyosimama wima. Waya wa mlalo unafaidi kidogo tu. Akihamia ufukweni na antena hii hii ataambulia chumvi kwenye viungo vyake.

#28 Nahodha Mstaafu
Kweli, waya wetu mlisho wake ulikuwa unapanda wima kutoka chumba cha redio. Labda huo ndio uliokuwa ukifanya kazi, miaka yote nausifu wa mlalo. Ahsante mwalimu.

#29 Mpita Njia
Mzee, ni kweli kulikuwa na saa ya ukutani yenye rangi nyekundu? Babu yangu alikuwa baharia, alikuwa akiisimulia.

#30 Nahodha Mstaafu
Kweli kabisa. Chumba cha redio kilikuwa na saa yenye vipande vya rangi. Vyekundu vilianza dakika ya 15 na ya 45, dakika tatu tatu. Muda huo kwenye kilohezi 500 hakuna anayerusha, meli zote zinanyamaza na kusikiliza kama kuna anayezama. Vya kijani vilianza dakika ya 0 na ya 30, kwa ajili ya kilohezi 2182, njia ya sauti. Nimekaa kwenye ukimya ule usiku katikati ya Bahari ya Hindi, huku najua mamia ya watu wametega sikio pamoja nami. Mwaka 1999 mfumo mpya wa setilaiti ulipokamilika, kazi yetu ikaisha. Siku ya mwisho nilitoa buriani kwa Morse, nikazima.

#31 Mgeni wa Maskati
Allah akupe umri, mzee. Nimeisoma mara mbili.

Na kwa vijana: msiione redio hii kama mchezo wa mafundi tu. Marehemu Sultan Qaboos alikuwa na alama yake ya wito, A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1, akikuita unajibu kama unavyomjibu mtu yeyote.

#32 Kijana wa Embakasi
Hiyo JY1 nimeipenda. Huku kwetu kabla ya uhuru alama za wito za Kenya zilianza na VQ4, leo 5Z4.

#33 Mwambao_Tanga
Na sisi VQ3, Zanzibar VQ1, kabla ya kuwa 5H. Ila wakuu, antena yangu 😊

#34 Mpita Njia
Swali la mwisho halafu nanyamaza. Nikijenga waya kama huu leo naweza kuanza kuongea?

#35 FundiSanifu
Kusikiliza bendi za redio za ridhaa, anza leo. Kurusha mpaka uwe na leseni ya mamlaka ya mawasiliano: Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Na usinyamaze, maswali yako ndiyo yanayofanya uzi upendeze.

#36 Mtu wa Kivu
Ndugu zangu, jambo kutoka Bukavu. Mnasema rezista, mnasema pete, hakuna anayesema radi. Eneo la Kabare, hapa jirani yetu, limehesabiwa kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mimi niliacha waya umeungwa na redio alasiri moja ya mvua. Radi haikupiga antena, ilipiga mti mbali kidogo. Redio ikafa mlango wa kuingilia. Sasa nikisikia ngurumo ya kwanza, kebo inatoka ukutani na kuwekwa nje. Mwambao, mnazi wako ndio mrefu kuliko vyote hapo?

#37 Mwambao_Tanga
Ipo mirefu kuliko huo, lakini nimekusikia. Nitaweka swichi ya kukata na fimbo ya ethi nje ya dirisha.

#38 Radi ya Ziwa
Jina langu halikuja bure. Asemalo Mtu wa Kivu ni la kufuata. Ethi peke yake haitoshi, chomoa.

#39 Kijana wa Embakasi
Mimi nieleze nilivyotoka. Naishi ghorofa ya nne, sina mnazi. Nilianza na waya wa mita 12.5 na transfoma ya 9 kwa 1, tyuna ikaukubali kila mahali, nikawa kama Mwambao: nasikia, sisikiki. Nikabadilisha. Waya wa mita 20 hivi unaolishwa kwenye ncha, na transfoma ya 49 kwa 1: feraiti kubwa ya 43, mizunguko 2 kwa 14, na kapasita ya pikofaradi 100 upande wa redio. Waya ule ni nusu wimbi kwenye 7, wimbi zima kwenye 14, moja na nusu kwenye 21, mbili kwenye 28. Hakuna rezista popote. Inakupa bendi nne, si zote, lakini kila wati inayotoka inaenda mahali.

#40 Bi Masafa
Si kila wati, kijana. Transfoma za 49 kwa 1 nazo zina joto lao, hasa pete ikiwa ndogo. Ila ni njia nzuri.

#41 FundiSanifu
Kama Mwambao anataka bendi zote kweli na hataki kupoteza, njia ni ya kizamani: daipoli ya urefu wowote unaoingia uani, ilishwe kwa laini ya ngazi hadi kwenye tyuna. Nyaya mbili za 1.5, vitenganishi vya sentimita 10 vya bomba hilo hilo alilonalo. Ukipiga hesabu, 276 mara logi ya (mara mbili ya nafasi gawa kwa unene wa waya): 200 gawa kwa 1.5, unapata omu 586. Hasara yake ni ndogo hata SWR ikiwa 10. Wakati RG58 ya mita 30, hata bila kosa lolote, kwenye 28 inakula karibu nusu ya nguvu. Hilo nalo halijasemwa hapa.

#42 Radi ya Ziwa
Marekebisho: 1.5 ya dukani ni milimita za mraba, eneo la waya likikatwa. Unene wake ni milimita 1.38. Rudia hesabu, unapata 596.

#43 FundiSanifu
Nimekamatwa. 596. Asante.

#44 Nahodha Mstaafu
Laini ya ngazi ndiyo baba yao. Lakini isipite karibu na mabati wala nondo za dirisha, na upepo wa kusi utaizungusha. Izungushe wewe kwanza: ipe msokoto mmoja kila mita, itatulia.

#45 Mwambao_Tanga
Mrejesho wakuu, wiki mbili baadaye.

Nimefanya kipimo cha mwalimu #11. Pete ya njano baada ya dakika moja: siwezi kuishika. Nimepata feraiti ya 43, nimezungusha upya, sasa ni vuguvugu tu. Nimeweka na choki ya Radi ya Ziwa pale juu, spika imenyamaza, mtekenyo umeisha. Nimemlipa mkwezi akapandisha ncha ya mnazi hadi mita 14, na mianzi nimeunga kufika 7. Ncha ya mnazini nimeipitisha kwenye kapi na kuifunga dumu la maji lita 5, ili mnazi ukiyumba waya usikatike.

Juzi saa mbili usiku Maskati alinijibu kwenye 7. Nairobi jana mchana walinijibu, lakini kwa shida.

#46 Bi Masafa
Nilisema mimi.

#47 Radi ya Ziwa
Mwalimu, kabadilisha vitu vitatu siku moja. Choki je?

#48 Nahodha Mstaafu
Na kimo kimepanda, wastani kutoka mita 6 hadi 10 na nusu. Ni karibu robo wimbi sasa.

#49 Mgeni wa Maskati
Na mimi nilimjibu usiku.

#50 FundiSanifu
Na Nairobi "kwa shida" ni rezista, iko pale pale. Mwambao, rusha sauti dakika tano kwenye 7, shusha boksi haraka, lishike. Usitubishie, boksi litajibu.

#51 Kijana wa Embakasi
Au aweke balbu mbili za wati 60 sambamba badala ya rezista. Zikiwaka tuone kwa macho. 230 mara 230 gawa kwa 60 ni 882, mbili sambamba 441. Zinatosha kabisa.

#52 Radi ya Ziwa
441 ni zikiwa zimewaka kikamilifu. Balbu baridi ina kama sehemu ya kumi ya hapo. Zitaanza kwenye omu 44, SWR itaruka, na zitabadilika kila neno analotamka. Hesabu nzuri, balbu si mahali pake.

#53 Mwambao_Tanga
Boksi nimelishusha kama #50 ilivyosema. Lilichukua kama dakika mbili kufika mkononi. Ni la moto, si la kuunguza. Nikarudia kwenye 14, dakika zile zile, lilikuwa vuguvugu.

#54 FundiSanifu
Umeona.

#55 Bi Masafa
Ameona kwamba rezista ina joto. Haijasema ni wati ngapi, na boksi lilikuwa juani. Ulipima mchana?

#56 Mwambao_Tanga
Kwenye 7, saa nane. Kwenye 14, jioni.

#57 Bi Masafa
Basi hatujui.

#58 Mtu wa Kivu
Ninyi mtafanya huyu ndugu apande na kushuka mnazi mpaka aote magamba 😄 Mfungieni daipoli moja ya kweli ya 7, pale pale, kimo kile kile, swichi katikati. Abadilishe akiwa anaongea na mtu yule yule. Nusu dakika, nusu dakika.

#59 Nahodha Mstaafu
Hili ndilo neno. 143 gawa kwa 7.1, mita 20.1, toa asilimia chache kwa sababu waya una plastiki. Izitenganishe na T2FD, zisiwe sambamba, zitasumbuana. Na mwambie mkwezi aangue madafu kwanza kabla hajafunga kamba.

#60 Mwambao_Tanga
Mkwezi anakuja Jumamosi asubuhi. Kebo ya pili nimepata, urefu ule ule wa mita 30 ili RG58 isiwe kisingizio. Nani atanisikiliza?

#61 Kijana wa Embakasi
Mimi niko, mchana.

#62 Mgeni wa Maskati
Mimi Jumamosi hiyo, 7.150, saa mbili usiku kwenu, saa tatu huku kwetu. Lakini usiniambie ipi ni ipi. Sema "A" na "B" tu, badilisha mara kumi bila mpangilio, uandike kwenye karatasi. Na mimi nitaandika nilichosoma kwenye mita. Tukimaliza ndipo tufungue karatasi zote mbili hapa.

#63 FundiSanifu
Mara ishirini, si kumi. Anga la jioni hubadilika kila dakika.

#64 Mgeni wa Maskati
Ishirini. Nitachonga penseli.